Marehemu wa Wynford Drive

Ukitoka katikati ya Toronto kuelekea kaskazini-mashariki, barabara kuu ya Don Valley Parkway hupita bondeni, na juu ya mwinuko mmoja kuna barabara fupi iitwayo Wynford Drive. Majengo mawili yanatazamana hapo. Moja ni jeupe tupu, la mawe yaliyokatwa kwa pembe kali: Makumbusho ya Aga Khan. La pili lina paa la kioo linaloelekea Makka: Kituo cha Waismailia. Kati yao kuna bustani yenye miti iliyopangwa kwa mistari na mabwawa ya maji yaliyotulia.

Wengi waliouumba mwinuko huo hawapo tena. Thomas Bata, aliyekuwa na makao yake hapo zamani, alifariki 2008. Charles Correa, Mhindi aliyesanifu Kituo, alifariki 2015. Fumihiko Maki, Mjapani aliyesanifu Makumbusho, alifariki Juni 2024. Na tarehe 4 Februari 2025 alifariki mjini Lisbon aliyewaita hao wawili wa mwisho, Karim Al-Hussaini, Aga Khan wa Nne, Imamu wa 49 wa Waismailia, Waislamu wa madhehebu ya Shia, akiwa na umri wa miaka 88. Makala nyingi za tanzia zilimweleza kama tajiri wa Ulaya mwenye farasi wa mbio. Kwa msomaji wa Kiswahili maisha yake yana mlango mwingine, na mlango huo uko Dar es Salaam na Kampala. Bila yaliyotokea huko, pale Wynford Drive pasingejengwa chochote chenye jina lake.

Mwenye viatu, 1939–1965

Hakuna mtoto wa shule wa Kenya au Tanzania asiyelijua jina la Bata. Viatu vyeusi vya ngozi vya siku ya kufungua shule, raba za michezo, kiwanda cha Limuru: jina hilo limezoeleka mpaka watu husahau kwamba lilikuwa la ukoo. Lilitoka Zlín, mji wa Chekoslovakia, ambako Tomáš Bata alianza kushona viatu 1894. Alipokufa kwa ajali ya ndege 1932, mwanawe Thomas alikuwa na miaka 17. Mwaka 1939, Wajerumani wakiikalia nchi yake, kijana huyo alihamia Kanada pamoja na mafundi na familia zao, akajenga Ontario kijiji kizima cha viwanda kilichoitwa Batawa.

Vita vilipokwisha alitegemea kurudi. Lakini 1945 serikali mpya ya Chekoslovakia ilitaifisha viwanda vya Zlín, naye akabaki Kanada akiiendesha kampuni kutoka ng'ambo, akipanua biashara Asia na Afrika. Katikati ya miaka ya 1960 alifungua ofisi kuu ya kimataifa Wynford Drive, jengo la kisasa lililosanifiwa na John C. Parkin. Kutoka mwinuko huo maagizo yalikwenda Limuru na kwingineko. Kwa hiyo mtu wa kwanza maarufu wa mahali hapo alikuwa amenyang'anywa mali kwao na kuanza upya ugenini. Hakujua kwamba wa pili angekuja na watu wenye kisa kama chake.

Kutoka Unguja hadi bara

Watu hao, Makhoja Waismailia, walifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi kutoka Kutch na Kathiawar, huko India, hasa tangu Seyyid Said, Sultani wa Omani, alipoifanya Unguja makao yake. Baadhi yao walikuja kuwa wafanyabiashara wakubwa. Tharia Topan alikuwa msimamizi wa forodha na mfadhili wa misafara. Ndiye aliyeanzisha ujenzi wa hospitali iliyopo barabara ya Mizingani, ile yenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa, ambayo mpaka leo wageni huipiga picha. Allidina Visram alifuata njia ya reli na kuipita, akifungua maduka hadi Uganda. Shule ya Mombasa inalibeba jina lake.

Imamu wao, Sultan Mahomed Shah, Aga Khan wa Tatu, alizuru Unguja mara ya kwanza 1899. Alihimiza shule, za wasichana pia, na hospitali. Agosti 1946, katika yubilei ya almasi ya uimamu wake, alipimwa kwa almasi Dar es Salaam mbele ya umati, na thamani iliyopatikana ikawa mtaji wa mikopo ya nyumba na biashara. Ndiyo maana ukumbi wa Upanga unaitwa Diamond Jubilee, ingawa wengi wanaoingia humo kucheza muziki au kusikiliza mikutano hawana habari na almasi hizo. Alihimiza pia Kiingereza na mavazi ya kizungu, akiamini jamii yake ingenusurika kwa kwenda na wakati. Kwa maoni yangu hapo ndipo mbegu ya safari ya Kanada ilipopandwa, robo karne kabla ya mtu yeyote kuifikiria: watu waliofika Toronto 1972 walifika wakijua lugha ya ofisi.

Dar es Salaam, 19 Oktoba 1957

Karim alizaliwa Geneva tarehe 13 Desemba 1936. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, yeye na mdogo wake Amyn walihamishiwa Nairobi, na hapo ndipo utoto wake wa mwanzo ulipopita, pamoja na masomo ya dini. Baada ya vita alirudi Uswisi kusoma, kisha akaenda Harvard.

Julai 1957 babu yake alifariki. Wosia ulipofunguliwa ulishangaza: uimamu haukwenda kwa mwanawe, Aly Khan, bali kwa mjukuu. Babu alieleza kwamba katika ulimwengu uliobadilika sana, wenye sayansi ya atomiki, jamii yake ilihitaji kijana aliyelelewa katika zama hizo mpya. Kijana huyo alikuwa na miaka 20 na masomo hayajaisha.

Sherehe ya kwanza ya kumtawaza haikufanyika Bombay wala Karachi. Ilifanyika Dar es Salaam, tarehe 19 Oktoba 1957, kisha Nairobi tarehe 22, kisha Kampala tarehe 25. Huko Bara Hindi alikwenda mwaka uliofuata. Mpangilio huo unaeleza mengi. Kwa idadi, Waismailia wa Afrika Mashariki walikuwa wachache, lakini kwa shule, hospitali na nguvu ya biashara walikuwa mbele, na Imamu mpya alianza kwao.

Siasa nazo zilikuwa zimepamba moto. Miezi mitatu tu baadaye, Januari 1958, TANU, chama cha Nyerere cha kudai uhuru, ilikutana Tabora na kukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwasia ilimbidi aamue yuko wapi. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, alisimama na TANU, akaja kuwa waziri wa fedha wa Nyerere kwa miaka mingi. Sophia Mustafa, ambaye hakuwa Mwismailia, alichaguliwa kutoka Jimbo la Kaskazini kwa kuungwa mkono na TANU, na akaandika kitabu juu ya kampeni ile, *The Tanganyika Way*.

Aga Khan kijana naye alikuwa na msimamo: aliwahimiza wafuasi wake wachukue uraia wa nchi hizi zitakapojitawala. Wasiwe na mguu mmoja ndani na mwingine nje. Mwenyewe aliweka fedha pale alipohimiza. Mwaka 1959 alinunua gazeti la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa na Charles Hayes mwaka uliotangulia. 1960 likawa Taifa Leo la kila siku, na mwaka huohuo yakatoka Sunday Nation, mwezi Machi, na Daily Nation, mwezi Oktoba. Wakati magazeti makubwa ya Kenya yalikuwa sauti ya walowezi, haya yalikuwa ya kuunga mkono uhuru, na yalianzia kwenye Kiswahili. Mara nyingi jambo hilo husahaulika maisha yake yanaposimuliwa.

Msajili wa Majumba na siku tisini, 1964–1972

Kisha mambo yakageuka. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwatoa Wahindi wengi Mji Mkongwe. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Desemba 1968 Tanzania iliipiga marufuku East African Muslim Welfare Society, jumuiya iliyoasisiwa na Aga Khan wa Tatu 1945 na iliyokuwa imejenga misikiti na shule, na nafasi yake ikachukuliwa na BAKWATA, baraza kuu la Waislamu wa Tanzania. Kidonda hicho hakijapona kwa baadhi ya Waislamu wa Dar es Salaam mpaka leo. Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Usiku ulipokucha, mwenye ghorofa Upanga au Kariakoo alikuwa mpangaji wa Msajili wa Majumba. Serikali ilitaka kuvunja ukabaila wa nyumba, na wapangaji wengi Waafrika walifurahi kwa haki. Lakini kati ya walionyang'anywa walikuwemo wazee waliojenga nyumba moja ya ghorofa mbili kwa akiba ya maisha yote, iwe pensheni yao. Familia nyingi zilianza kuulizia fomu za ubalozi wa Kanada, nchi iliyokuwa imeanza 1967 kuwapima wahamiaji kwa alama za elimu na ujuzi badala ya rangi.

Pigo la Uganda halikungoja fomu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia lazima waondoke, akawapa siku 90. Waliokuwa na pasi za Uingereza walikuwa na pa kwenda, na zaidi ya 27,000 walikwenda huko. Tatizo lilikuwa kwa waliofuata ushauri wa uraia. Kulikuwa na ukaguzi mpya wa hati, foleni za siku na usiku, na yeyote ambaye karatasi yake ilikuwa na kasoro ndogo, kwa mfano alichelewa kuukana uraia wa Uingereza ndani ya muda uliowekwa, alichaniwa uraia wake mezani. Alifika kwenye dirisha akiwa Mganda, akatoka hana nchi. Waismailia wengi walikuwa katika kundi hili, kwa sababu walikuwa wametii.

Uzito wa kisa kizima uko hapo, naona. Kiongozi aliwaambia watu wake waiamini nchi, wakaiamini, na imani hiyo ndiyo iliyowaacha bila hati yoyote mkononi. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa yaliyofanywa na Amin, lakini nayasoma maisha yake yote ya baadaye, ya Afrika na ya Kanada, kama ya mtu anayelipa deni.

Alikuwa na rafiki Ottawa, Waziri Mkuu Pierre Elliott Trudeau, na husimuliwa sana kwamba alimpigia simu mwenyewe. Baba mdogo wa Aga Khan, Sadruddin, alikuwa Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakimbizi. Kanada ilimtuma Kampala ofisa wake Roger St. Vincent, na ofisi ya viza ikafunguliwa tarehe 6 Septemba. Mabasi yaliwapeleka watu Entebbe kupitia vizuizi vya askari waliopekua mabegi na kuvua saa mikononi mwa wasafiri. Ndege ya kwanza iliondoka mwishoni mwa Septemba. Ilipotua Montreal, abiria walipelekwa kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, wakapewa chakula cha moto na makoti ya baridi. Wengi hawakuwahi kuvaa koti zito maishani. Jumla ya waliopokelewa na Kanada katika wimbi hilo ilizidi 6,000.

Ghorofa za Don Mills

Kutoka Montreal walisambaa nchi nzima, na Toronto ikawavuta wengi, pamoja na ndugu zao wa Tanzania na Kenya waliokuja kwa njia ya kawaida. Kodi ilikuwa nafuu katika ghorofa ndefu za Flemingdon Park, Thorncliffe Park na Don Mills, mwendo mfupi kutoka ofisi ya Bata. Mhasibu wa Mwanza aliambiwa hana uzoefu wa Kanada, akaanza kama karani au muuza duka. Mama aliyekuwa na mpishi Kampala alijifunza kupanda basi gizani asubuhi, theluji ikiwa magotini. Katika lifti Kikutchi na Kigujarati vilichanganyika na Kiswahili, na wazee waliendelea kuulizana habari za Kariakoo na Mwembetayari. M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, aliyaweka maisha hayo katika riwaya yake *No New Land* ya 1991.

Si wote waliokuja mapema. Amir Jamal alibaki Tanzania serikalini muda mrefu na akafia Vancouver 1995. Sophia Mustafa alihamia Kanada uzeeni na kuanza kuandika riwaya. *In the Shadow of Kirinyaga* ilichapishwa Toronto 2002, naye akafariki Brampton, kando ya jiji hilo, 2005. Wawili hawa waliwahi kuomba kura za wakulima wa Tanganyika kwa Kiswahili, na vifo vyao vilipita bila kishindo katika miji ambayo majirani hawakujua walikuwa nani. Inanisikitisha, maana katika kundi dogo la Waasia walioingia TANU mapema, wao walijitoa kwa dhati.

Kurudi, 1986–2012

Kiongozi mwingine angeweza kuifuta Uganda kwenye ramani yake. Aga Khan hakufanya hivyo. Baada ya Museveni kushika madaraka 1986, na mali za Waasia kuanza kurudishwa, taasisi zake zilirudi. Kampuni ya Industrial Promotion Services, aliyoianzisha 1963, ilikuwa miongoni mwa waliojenga bwawa la umeme la Bujagali karibu na Jinja, la megawati 250, lililozinduliwa 2012. Tanzania alirudishiwa baadhi ya shule. Unguja, mfuko wake wa utamaduni ulikarabati ile hospitali ya Tharia Topan iliyokuwa ikibomoka, na 2009 bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya, wachuuzi wa pweza na mishikaki wakarudi na taa zao. Chuo kikuu chake, kilichoanza Karachi 1983, kilifungua kampasi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala.

Lazima isemwe pia kwamba aliishi kwa anasa isiyofanana na maisha ya wafuasi wake wengi. Alikuwa na makasri, kisiwa na farasi. Shergar, aliyeshinda Derby ya Uingereza 1981, alitekwa Ireland 1983 na hakuonekana tena. Wakosoaji waliuliza mpaka uko wapi kati ya fungu la mapato wanalotoa waumini na mali yake binafsi. Na mwaka 2017 kamishna wa maadili wa Kanada aliamua kwamba Justin Trudeau, mwana wa Pierre, alivunja sheria kwa kukubali kupumzika katika kisiwa chake huko Bahamas. Urafiki uliookoa watu 1972 ulikuja kuwa mzigo wa kisiasa kizazi kimoja baadaye. Pierre mwenyewe alikuwa ameshazikwa Oktoba 2000, na Aga Khan alikuwa miongoni mwa waliopewa heshima ya kulisindikiza jeneza, pamoja na Fidel Castro na Jimmy Carter.

Mwinuko wapata wenyewe wapya, 2007–2014

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bata walihamishia makao yao Uswisi. Waismailia walikuwa tayari jirani, wakitafuta mahali pa kudumu, na kiwanja kikawa chao. Jengo la Parkin lilibomolewa 2007, kukiwa na malalamiko ya wapenzi wa majengo ya kisasa, malalamiko ninayoyaona ya haki: lilikuwa jengo zuri. Thomas Bata alifariki Septemba ya mwaka uliofuata, akiwa na miaka 93. Kabla ya hapo, Desemba 1989, alikuwa amerudi Prague baada ya ukomunisti kuanguka na kupokelewa na umati.

Jiwe la msingi la majengo mapya liliwekwa Mei 2010. Septemba 2014 Makumbusho yalifunguliwa, ya kwanza Amerika Kaskazini kuwekwa wakfu kwa sanaa za ustaarabu wa Kiislamu. Maki aliambiwa ajenge juu ya wazo la nuru, naye akaziinamisha kuta ili mwanga wa jua la baridi la Kanada uzipige kwa namna tofauti kila saa. Ndani kuna vitu takriban elfu moja, kikiwemo kitabu cha tiba cha Ibn Sina kilichonakiliwa 1052. Miezi michache kabla, Februari mwaka huohuo, Aga Khan alikuwa amehutubia, mjini Ottawa, Bunge la Kanada, nchi ambayo tayari ilikuwa imempa uraia wa heshima.

Wachache katika umri wangu wanaweza kuyatazama majengo hayo bila kukumbuka dirisha la ukaguzi la Kampala. Mtu mwenye pasi iliyochanwa hana ushahidi kwamba aliwahi kuwa wa mahali fulani. Watoto wa watu hao sasa walikuwa mawaziri, maseneta na majaji wa Kanada, na walikuwa na anwani ya kudumu iliyoandikwa kwa granaiti.

2015–2025

Correa aliondoka Juni 2015, mwaka ambao bustani ilifunguliwa. Sonja Bata, mjane wa Thomas na mwanzilishi wa makumbusho ya viatu mjini humo, alifariki 2018. Maki alifikia miaka 95. Aga Khan aliadhimisha yubilei yake ya almasi 2017, miaka 60 ya uimamu. Hakupimwa kwa almasi kama babu yake, desturi hiyo aliiacha.

Habari ya kifo chake ilipofika Februari 2025, jamatkhana, nyumba za ibada za Waismailia, za Toronto, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilijaa. Ibada ya mazishi ilifanyika Lisbon, ambako uimamu ulikuwa na makao rasmi, na siku iliyofuata, tarehe 9 Februari, mwili ulizikwa Aswan, Misri, kando ya Mto Nile, mji alikozikwa babu yake. Uimamu ulikwenda kwa mwanawe mkubwa, Rahim, aliyezaliwa Oktoba 1971, miezi kumi kabla ya tangazo la Amin.